Uzi ulikuwepo

SEHEMU YA 1: Usiku ambao sikuwepo

Mama zangu, dada zangu, mama vijacho wote, na nyie akina baba mnaosoma kimya kimya kwenye simu za wake zenu. Nawaona.

Leo siongelei uji wala chango la mtoto. Nataka niongelee kitu ambacho sisi manesi hatupendi kukisema nje ya geti la hospitali: vifaa vya chumba cha upasuaji. Vinaishaje, vinapoteaje, na kwa nini saa nane ya usiku mume wako anatumwa akatafute uzi. Ni ndefu, nimeigawa sehemu sita. Naomba usome mpaka mwisho, maana mwisho kuna kazi yako.

Ni miaka kadhaa sasa. Hospitali siitaji na mama mwenyewe simtaji. Alikuwa na mimba ya pili, leba ikaanza vizuri, ikafika mahali ikasimama. Mapigo ya moyo ya mtoto yakaanza kushuka. Daktari akasema apelekwe thieta sasa hivi. (Thieta ndiyo chumba cha upasuaji, nitakiita hivyo kwa sababu ndivyo tunavyokiita.)

Mama akasaini. Akavalishwa gauni, mpira wa mkojo ukawekwa, dripu ikafunguliwa. Nesi wa zamu akafungua kabati la nyuzi. Ule uzi mnene unaoyeyuka wenyewe, wa kushonea mfuko wa uzazi, hakuna. Akaenda stoo, imefungwa, mwenye ufunguo yuko kwake. Akaenda wodini kuazima, wakampa uzi mwembamba wa kushonea ngozi.

Mtu wa nje atasema, si waanze tu, mtoto kwanza? Jamani, tumbo huwezi kulifungua kama huna cha kulifungia. Mfuko wa uzazi wa mimba iliyokomaa unapitisha damu karibu nusu lita au zaidi kwa dakika moja. Ukishaukata lazima uushone, tena haraka. Ukianza bila uzi umeokoa mtoto umemuua mama.

Basi, baba wa watu akapewa karatasi, akapanda bodaboda. Duka la kwanza limefungwa. La pili wana Panadol na dawa za mafua. Uzi aliupata mbali, kwa mtu aliyeamshwa usingizini. Karibu saa nzima ilishapita. Mtoto alitoka amechoka, hakulia. Wakampulizia hewa pale pale mezani, akaja kulia dakika ya saba. Alilala siku sita kwenye wodi ya watoto wachanga. Alipona, na mama yake alipona. Nawaambia mapema ili msisome na moyo juu mpaka sehemu ya sita.

Mimi usiku ule sikuwepo. Asubuhi nikaingia kazini, wenzangu wakanisimulia wakati wa kukabidhiana zamu. Nikasimama naitikia kwa kichwa. Sikusema neno. Kwa sababu nyuzi nne za aina ile ile zilikuwa kwenye kabati langu la nguo, hatua chache kutoka pale mama alipokuwa amelazwa akisubiri. Nilizifungia mimi. Na ufunguo ulilala nyumbani kwangu, ndani ya mkoba, mkoba umening'inia nyuma ya mlango.

Uzi ulikuwepo.

SEHEMU YA 2: Kwa nini nilificha

Meseji zenu nimezipata. Wengine mmenitia moyo, wengine mmeniita mwizi. Niseme ukweli wangu: sijawahi kuuza uzi hata mmoja. Ila kwa yule mama haikuwa na tofauti yoyote. Uzi ulioibiwa na uzi uliofichwa na nesi mwenye nia njema, vyote saa nane ya usiku havipo.

Kwa nini nilificha? Woga. Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa thieta na mama anayevuja damu, nyuzi zimebaki mbili. Tulimaliza na ile ya mwisho. Nilitoka pale miguu inatetemeka. Mzigo mpya ulipoingia nikachukua nne nikaziweka pembeni, nikajiambia: siku nikiwa zamu mimi, mgonjwa wangu hatakosa.

Hebu sikiliza hilo neno, "mgonjwa wangu". Kichwani mwangu lilikuwa neno la huruma. Kumbe maana yake ni kwamba mgonjwa wa mwenzangu akose.

Sasa piga hesabu. Tulikuwa manesi tisa idarani. Kila mmoja akificha nne, hizo ni nyuzi 36. Boksi letu lilikuwa la nyuzi 12. Yaani maboksi matatu mazima yamekaa kwenye makabati ya nguo, kati ya malapa na chupa za chai. Na siyo nyuzi peke yake. Kuna anayeficha glovu za saizi yake. Kuna anayeficha sindano za ganzi ya mgongoni. Kuna wodi inayoficha plasta na kanula. Kila mtu ana akiba yake, idara haina akiba.

Na hapa ndipo mambo yanaharibika zaidi. Kwenye leja ya stoo zile nyuzi 36 zimeshatoka. Imeandikwa "zimetolewa thieta". Kwa mtu wa stoo, kilichotolewa kimetumika. Kwa hiyo karatasi inasema tumeshona mama kadhaa, wakati tumeshona makabati. Mwezi unaofuata mfamasia anaona thieta inatumia uzi mwingi kuliko operesheni zilizofanyika, anaanza kutilia shaka, anakata kiasi. Thieta ikikatiwa, tunaogopa zaidi. Tukiogopa, tunaficha zaidi.

Nimeandika hii sehemu kwa sababu kila vifaa vinapokosekana tunatafuta mtu mmoja wa kumlaumu. Serikali. Bohari. Mfamasia. Nesi mkorofi. Nami nasema kuna tatizo lingine ambalo halina sura ya mtu mbaya. Ni watu wa kawaida, wenye kuchoka, ambao hakuna anayejua kwa uhakika kuna nini, kiko wapi, na kimebaki kingapi. Hapo hata malaika atafunga nyuzi kwenye mkoba.

SEHEMU YA 3: Oda inayodanganya

Leo ni hesabu kidogo. Usikimbie, ni hesabu ya unga.

Familia yako inakula kilo moja ya unga kwa siku. Mwezi huu unga uliisha tarehe 20. Siku kumi zilizobaki mkala kwa mama mdogo, mkala mihogo, mkajipanga. Mwisho wa mwezi baba anauliza, "Tulitumia kilo ngapi?" Unajibu ishirini. Na ni kweli, zilitumika ishirini. Analeta ishirini. Mwezi ujao utaisha tarehe ngapi? Tarehe 20 tena. Na utashangaa mbona unga kila mwezi hautoshi.

Thieta nyingi zinaagiza hivyo hivyo. Mwezi una siku 30. Nyuzi 60 zikaisha ndani ya siku 20. Siku kumi zilizobaki ndugu wa wagonjwa wakanunua wenyewe nje, hakuna aliyeandika. Fomu ya oda inasema: matumizi ya mwezi, 60. Wakati hesabu sahihi ni hii: 60 gawa kwa siku 20 zilizokuwa na mzigo, unapata 3 kwa siku. Zidisha kwa siku 30, ni 90. Oda ya 60 imeshapanga upungufu wa nyuzi 30 kabla mwezi haujaanza. Na kila uzi ulionunua wewe dukani bila kuandikwa popote, kwenye makaratasi ni kama haukuhitajika.

Mnaona sasa? Mume wako akinunua uzi, mbali na kutoa hela yake, pia anaficha ukweli bila kujua. Hospitali inaonekana haina shida.

Wengi mnaniuliza: si serikali ndiyo haileti? Nisiwadanganye, kuna nyakati mzigo unachelewa kweli na bidhaa inakosekana juu kabisa. Ila utaratibu wa nini kifanyike hapo upo. Vituo vya umma vinaagiza Bohari ya Dawa, ile mnayoijua kwa jina la MSD. Bohari ikiwa haina bidhaa, kuna mfumo wa mshitiri, unaitwa Jazia: mkoa unakuwa na muuzaji binafsi aliyechaguliwa kwa ushindani, bei zimeshakubaliwa, kituo kinanunua kwake kilichokosekana Bohari. Ulianza mkoani Dodoma mwaka 2014, na kufikia 2018 ukaenda mikoa yote ya Tanzania Bara. Na tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vingi vimekuwa vikipelekewa fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, badala ya kila kitu kupitia halmashauri.

Kwa hiyo njia ipo. Lakini mshitiri hawezi kuletewa oda saa nane ya usiku mama akiwa mezani. Anaagizwa mtu akiona mapema kwamba zimebaki nyuzi za siku kumi. Na huwezi kuona kama hakuna anayehesabu. Pesa ikiwepo, gari likiwepo, Bohari ikiwa imejaa, bado utakosa uzi kama taarifa ya thieta ni ya kubahatisha.

SEHEMU YA 4: Eti hatujui kuhesabu?

Nikisema haya kazini najibiwa, "Sista, sisi kazi yetu ni wagonjwa, kuhesabu ni kwa watu wa stoo." Jibu hilo linaniuma, kwa sababu hakuna watu wanaojua kuhesabu kama manesi wa thieta.

Niwaingize ndani kidogo. Ukilala pale mezani, kabla hujakatwa, kuna nesi anahesabu kwa sauti. Vitambaa vikubwa vya kunyonya damu, kumi. Gozi, kumi. Sindano za kushonea, mikasi, koleo, moja moja. Mwenzake anaandika ubaoni. Kabla mfuko wa uzazi haujafungwa anahesabu tena. Kabla tumbo halijafungwa anahesabu tena. Kitambaa kimoja kikipungua, daktari anasimama. Hata awe bingwa wa namna gani, anasimama. Tunatafuta chini ya meza, kwenye ndoo, kwenye mashuka, mpaka kipatikane. Kwa sababu kitambaa kikibaki tumboni mama atarudi baada ya wiki tatu na usaha na homa, au hatarudi kabisa.

Huo utaratibu umo kwenye orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008. Ni karatasi moja yenye vipengele 19, inasomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya ganzi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka. Ilijaribiwa kwanza katika hospitali nane kwenye miji minane duniani. London ilikuwemo, Seattle ilikuwemo, Toronto ilikuwemo, na Ifakara yetu ya Morogoro ilikuwemo. Matokeo yakatoka mwaka 2009: kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Hawakujengewa jengo jipya. Walisoma karatasi kwa sauti wakahakikisha.

Na ukiisoma vizuri ile karatasi, vipengele vyake kadhaa ni habari ya vifaa. Antibayotiki imetolewa kabla ya kukata? Sasa itatolewaje kama haipo? Mgonjwa anaweza kupoteza damu nyingi, tumejiandaa? Kujiandaa ni dripu, kanula kubwa, damu, na oksitosini ya kukaza mfuko wa uzazi. Oksitosini yenyewe inataka ikae kwenye baridi ya nyuzijoto 2 hadi 8. Ukiiacha kwenye joto la dirishani Dar es Salaam au Tanga inapoteza nguvu taratibu, na kwa macho huwezi kujua. Inaonekana ipo, kumbe haipo.

Kwa hiyo hoja yangu ni nyepesi. Tunahesabu kitambaa kikiwa tumboni kwa sababu tunaamini kikipotea mtu atakufa. Uzi ukikosekana kabatini mtu anakufa vile vile, tofauti ni kwamba huyu hajaingia mezani bado. Hesabu ya kabati ni hesabu ya mgonjwa wa kesho. Sioni kwa nini ile ya kwanza iwe uuguzi na hii ya pili iwe karani.

SEHEMU YA 5: Ninachotaka kifanyike

Leo naongea na wenzangu wa kazini na wakuu wetu, ila mama zangu msiondoke, mkijua haya mtajua cha kudai.

Kwanza, tufungue makabati. Yote. Kwenye kuta za hospitali zetu kumebandikwa zile S tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Zilitoka viwandani Japani, Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza nazo mwaka 2007, zikasambaa. Kwingine zimebaki pambo la ukutani. Sisi tulikuja kuzifanya kweli baada ya usiku ule. Mkuu wetu wa idara alikuwa mama mwenye busara, akatangaza: leteni mlichonacho, hakuna atakayeulizwa kakitoa wapi. Nikaleta zangu nne. Mezani pakajaa. Mengine yalikuwa yameshaisha muda wake, yakatupwa, na pale nililia, kwa sababu niliona hela za watu maskini zinaingia kwenye ndoo ya taka. Ile ahadi ya kutouliza ndiyo iliyofungua makabati. Angetuma mlinzi atupekue, vitu vingehamia majumbani.

Pili, kila operesheni iwe na furushi lake. Tunajua operesheni ya kujifungua inatumia nini: kanula, dripu, mpira na mfuko wa mkojo, sindano ya mgongo na ganzi yake, antibayotiki, glovu za kila atakayenawa, kisu, nyuzi, gozi, vitambaa, kibanio cha kitovu. Dawa za baridi zibaki kwenye friji, ziandikwe kwenye karatasi ya furushi. Vingine vyote viwe pamoja mchana, kwa utulivu. Usiku nesi anabeba furushi, habebi wasiwasi. Kisichotumika kinarudi na kinaandikwa. Ukijua kwa wiki mnafanya operesheni ngapi, umeshajua oda yako.

Tatu, visanduku viwili kwa kila kifaa muhimu. Cha mbele kinatumika. Kikiisha, kadi yake inaenda stoo siku hiyo hiyo, na unaanza cha nyuma. Cha nyuma lazima kitoshe mpaka mzigo mpya ufike, yaani kama stoo inachukua siku tano kujaza, kiwe na vya siku tano na ziada kidogo. Toyota wanatumia utaratibu wa namna hii ya kadi kwenye viwanda vya magari. Hauhitaji kompyuta. Hata umeme ukikatika unafanya kazi.

Nne, kinachoisha muda mapema kitoke mapema. Kipya kikija kinaenda nyuma ya kile cha zamani. Mama anayeuza maziwa anajua hili kuliko sisi.

Tano, sanduku la dharura lililofungwa kwa lakiri, lenye vifaa vya operesheni mbili, na ufunguo wa stoo ulale hospitalini. Lakiri ikikatwa usiku, asubuhi sanduku linajazwa kabla ya chai. Anayekabidhi zamu na anayepokea wote waangalie lakiri na wasaini.

Sasa najua mtaniambia nini. "Usiku tuko wawili, mmoja yuko mezani, mwingine anakimbizana na damu, nani ataandika?" Ni kweli. Upungufu wa watumishi ni halisi, na siombi mtu aache mgonjwa akaandike kadi. Ndiyo maana nasema furushi na visanduku. Kazi ya kuhesabu inahamishiwa mchana, usiku inabaki alama moja kwenye karatasi: furushi namba fulani limetumika. Kumbuka zile dakika ambazo nesi alizunguka stoo na wodini akiomba uzi. Huo nao ulikuwa muda wa muuguzi, na hatukuupanga.

Wengine watasema tusubiri mfumo wa kompyuta. Mifumo ni mizuri, mimi siipingi, na pale inapofika thieta inasaidia sana. Lakini kompyuta inaandika ulichoiambia. Kama umeiambia uzi umetumika wakati uko kwenye mkoba wangu, itaamini.

Na kwa wakuu: mkimtishia nesi kila kifaa kinapopungua, ataficha. Mkimwonyesha kila wiki kwamba alichoandika kimeleta mzigo kamili, ataandika. Sisi tuliacha kuficha siku tulipoona visanduku vinajaa kweli. Hakuna semina iliyotubadilisha kuliko hilo. Mwizi yupo, na ashughulikiwe kama mwizi. Ila huwezi kumjua mwizi kwenye idara ambayo hesabu zake hazijulikani, maana wote tunafanana.

SEHEMU YA 6: Na wewe mama, na wewe baba

Tumefika mwisho. Hii ni yako.

La kwanza na kubwa kuliko yote: uchungu ukianza au daktari akisema operesheni, njoo. Huna vifaa, njoo hivyo hivyo. Huna hela, njoo. Usikae nyumbani unasubiri kukamilisha orodha. Nimeona mama aliyekaa siku nzima akitafuta hela ya beseni na mipira, akaja amechelewa. Beseni halijawahi kuokoa mtu.

La pili. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma za mama mjamzito kwenye vituo vya umma zitolewe bila malipo. Ukweli mnaujua, orodha mnapewa. Basi kwenye kliniki, mimba ikiwa ya miezi minane hivi, uliza kwa heshima: "Sista, ikitokea nimefanyiwa operesheni, vifaa gani vipo hapa na vipi nitatakiwa kuja navyo?" Uliza mchana, ukiwa mzima, mumeo akiwa pembeni. Usiulize ukiwa umelala chali.

La tatu. Ukiambiwa ununue wakati wa dharura, nunua kwanza, ugomvi baadaye. Usinunue kwa mtu anayezungukazunguka getini. Nunua duka la dawa lenye kibali, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, angalia pakiti haijachanika wala kulowa, maana uzi wa upasuaji ukifunguka sio safi tena. Chukua risiti. Kisha omba kitu kimoja kidogo ambacho kina nguvu sana: "Naomba muandike kwenye faili kwamba uzi huu tumenunua sisi." Sentensi hiyo ndiyo itakayofanya kile kisima cha taarifa kisikauke. Kila uzi ulionunuliwa nje ukiandikwa, oda ya mwezi ujao haitadanganya.

La nne. Vilivyobaki ulivyonunua ni vyako. Uliza. Ukipenda kuviacha kwa mama mwingine asiye na uwezo, ni sadaka nzuri, ila viandikwe vimepokelewa. Visiishie kwenye kabati la mtu kama mimi.

La tano. Hospitali na vituo vina kamati au bodi zenye wawakilishi wa wananchi. Siyo mapambo. Ni haki yao kuuliza mzigo ulioingia, vilivyokosekana, na siku ngapi thieta ilikaa bila uzi. Kwenye mkutano wa mtaa au kijiji tunauliza sana habari za barabara na maji. Uliza na hili. Swali lako lisiwe "kwa nini hakuna dawa", kwa sababu hilo litajibiwa kwa pole. Liwe "mwezi uliopita mlikosa nini, kwa siku ngapi, na oda mliyopeleka ilikuwa ya kiasi gani?" Hilo linajibiwa kwa leja.

La sita, kwa akina baba. Mkichelewa kupata huduma usiku, najua inavyouma. Lakini yule nesi unayemfokea pengine ndiye amezunguka jengo zima akiomba uzi kwa ajili ya mkeo. Andika tarehe, andika saa, andika ulichotumwa kununua. Asubuhi peleka kwa mganga mfawidhi kwa maandishi. Barua yenye saa na tarehe inawasumbua wakuu kuliko makelele yote ya korido.

Nimalizie na yule mama. Nilimwona tena kliniki, mtoto yupo mgongoni, ana meno manne, anavuta hereni ya mama yake. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo sista." Hajui. Nikaitikia marahaba, nikampima mtoto uzito, nikaandika kwenye kadi. Nilitaka kumwambia, sikuweza. Siku hiyo nilirudi thieta nikahesabu visanduku vyote, hata vile ambavyo havikuwa zamu yangu.

Nimewaambia nyie kwa sababu sikuweza kumwambia yeye. Kabati langu la nguo sasa lina malapa na chupa ya chai tu. Ukinikuta kazini, nikague.

Mtumie mama kijacho unayemjua, na zaidi mtumie nesi unayemjua. Wiki ijayo narudi kwenye chango, nimeahidi.

Usiku mwema, nalala mapema, kesho naingia asubuhi.